Sweta ya Miaka Mitatu

Akinyi, ambaye sasa ndiye mwenye funguo za karakana yetu, amenipa daftari jipya na kuniamuru niandike yale ninayopenda kuwasimulia wakati ninyi mnajaribu kufanya kazi. Anasema nikiyaweka kwa maandishi, mtu ataweza kuninyamazisha kwa kufunga daftari tu. Nimekubali kwa sharti moja: msilisome mkiwa kwenye mashine. Anayesoma huku anafuma huangusha kitanzi, na kitanzi kikianguka hakipigi kelele. Utakigundua mistari hamsini baadaye, na hapo utamlaumu shetani.

Mnaniita Fundi Barasa, lakini sikuzaliwa fundi. Nilikuwa kijana wa kiwandani, wa kubeba marobota na kusimamia mashine moja kubwa ambayo hadi leo sijui jina lake. Kiwanda kilipofunga milango nilikuwa na mke, mtoto mmoja, chumba kimoja hapa Bondeni na mikono iliyozoea kazi nzito. Nilizunguka mji wa Nakuru miezi minne nikitafuta kitu kizito cha kubeba. Kila mahali palikuwa pameshajaa wenye mabega mapana kuliko yangu.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi Mama Truphena, mjane kutoka Vihiga, aliyefuma sweta za shule kwa mashine ya mkono. Bega lake la kulia lilikuwa limeanza kumkataa. Mke wangu Rebeka aliimba naye kwaya, na siku moja baada ya mazoezi alimwambia kwamba nyumbani kuna mwanamume mzima mwenye mabega mawili yasiyo na kazi. Nilitolewa kama sadaka, bila kuulizwa.

Baba yangu, aliyestaafu reli, alipopata habari alimaliza kwanza chai yake. Halafu akauliza kama ni kweli kwamba mwanawe anafuma. Nikasema ni kweli. Akauliza kama nitakuwa nashona na vifungo. Baadaye nilimfumia vesti ya kijivu, akaivaa kanisani kila Jumapili mpaka tukamzika nayo, lakini siku hiyo alicheka hadi akapaliwa.

Siku yangu ya kwanza nilifika mapema nikiwa nimevaa ovaroli ya kiwandani. Mama Truphena aliniangalia kutoka juu hadi chini akaniuliza nimekuja kutengeneza gari la nani. Mashine yenyewe ilikuwa chuma kirefu cha kulala, safu mbili za sindano zikitazamana, na kichwa cha kusukumwa kulia na kushoto. Kila ukisukuma, mstari mmoja wa vitanzi unazaliwa. Alinieleza kwamba kabla ya kusukuma lolote, kuna sala. Nikafumba macho nikijiandaa kwa sala ndefu, maana nilimjua kanisani. Aliweka kiganja juu ya mashine akasema, "Bwana, tumefika. Amina." Nilipofumbua macho alikuwa ameshaanza kazi.

Siku hiyo nilifuma kipande cha urefu wa mkono. Kilikuwa kibaya lakini kilikuwa changu, na nilitaka kumpelekea Rebeka. Mama Truphena akaniambia nikifumue. Nikafumua. Akaniambia nifume tena, nifumue tena. Wiki mbili nzima nilifuma na kufumua uzi uleule mpaka ukachoka kuliko mimi. Jioni Rebeka akiniuliza leo nimetengeneza nini, nilimjibu ukweli: hakuna. Nilikuwa na hasira. Niliona mama huyu ananifanya mchezo, na kama si aibu ya kurudi kukaa mlangoni, ningeacha.

Mnajua kwamba katika karakana yetu hadi leo mgeni hufundishwa kufumua kabla ya kufuma. Mnanung'unika, nami nawasikia. Sasa mjue pia kwamba mimi nilinung'unika kuliko ninyi nyote.

Kanuni yake nyingine ilikuwa ya mkasi. Mafundi wengi mjini walifuma kitambaa kirefu, wakakitandika mezani, wakakata mbele na nyuma na mikono kwa mkasi, halafu mashine ya ovaloki ikafunga kingo na kuunganisha. Siku moja unatoa sweta kumi. Mama Truphena alikataa. Kila kipande alikifuma kwa umbo lake, akipunguza vitanzi kwapani na shingoni, kimoja kimoja, kwa kuhesabu. Mkasi wake ulining'inia kwenye msumari mrefu ambao yeye mwenyewe hakuufikia bila kupanda kiti. Jirani yetu mwenye ovaloki alinitania kwamba chelewa chelewa utapata mwana si wako. Mimi nikamrudishia kwamba haraka haraka haina baraka. Methali zilitoka sare, na wateja wakaenda kwake.

Nilimuuliza Mama Truphena kwa nini tunateseka hivi. Alisema kitu kilichokatwa hakina njia ya kurudi. Nilidhani ni maneno ya wazee ya kujaza siku.

Mwaka wa tatu macho yake yalianza kuingia ukungu. Akaniachia mashine, yeye akabaki na kiti karibu na mlango, akisikiliza. Alijua kwa sauti kama uzi umebana au umelegea. Nikamchukua Akinyi, wakati huo msichana aliyemaliza shule majuzi, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Tulipata shule mbili ndogo za mjini. Tulikula, lakini hatukushiba. Kila Januari nilisema mwaka huu biashara itasimama, na kila Desemba ilikuwa bado imepiga magoti.

Ndipo ikaja kazi ya Olenguruone. Mwalimu mkuu mmoja wa huko milimani, Madam Chelangat, alikuwa ameona sweta yetu kwa mtoto wa dada yake hapa mjini, akapenda shingo ilivyokaa. Aliagiza sweta themanini, rangi ya damu ya mzee, mistari miwili ya njano shingoni. Themanini! Tulikuwa hatujawahi kupata kazi ya zaidi ya ishirini kwa mkupuo. Shule nyingine za milimani zilikuwa zinangoja kuona zake kwanza. Sikuhitaji kuambiwa maana yake. Tukifaulu, tuna karakana. Tukishindwa, nitarudi kutafuta mzigo wa kubeba, na Akinyi atarudi kwao.

Barua yake ilitaja madarasa na idadi ya watoto tu. Kupanda hadi kule kupima watoto niliona ni kupoteza siku mbili. Nikajiona mwerevu. Nikawapanga watoto wa Bondeni kwa mstari nje ya nyumba, wa darasa la kwanza hadi la nne, nikawapima kifua na mkono kwa tepu, kila mmoja akapata peremende. Wengine walirudi mara ya pili kwa jina lingine. Niliandika vipimo kwa makini sana. Sijawahi kuwa makini hivyo katika kosa lolote.

Tulifuma wiki tano. Mwisho wa muhula wa kwanza nilipanda na lori lililokuwa likienda tupu kuchukua viazi, mimi na magunia yangu mawili. Tulipofika Molo dereva alisimama kunywa chai, nami nikashuka na shati langu la mikono mifupi. Baridi ilinishika hadi kwenye meno. Dereva akanitazama taratibu, akaniuliza magunia yamebeba nini. Nikamwambia sweta. "Na hukuona hata moja ya kuvaa?" akauliza. Hapo ndipo ningepaswa kuanza kufikiri, lakini nilicheka tu.

Olenguruone ilikuwa siku ya wazazi. Madam Chelangat alinipokea vizuri, akaita mtoto wa kwanza wa darasa la pili avae mbele ya watu. Mtoto alikuja na nyanya yake, kikongwe mwembamba aliyeitwa na kila mtu Kogo, ndivyo huko wanavyomwita bibi. Mtoto akaingiza kichwa, kikapita. Akaingiza mkono, ukakwama kwenye kiwiko.

Chini ya shati lake kulikuwa na sweta nyingine, na chini ya hiyo sweta kulikuwa na fulana nene. Niliangalia watoto waliobaki kwenye mstari. Wote walikuwa hivyo. Kule baridi ni ya mwaka mzima, na mtoto huvaa nguo zake zote kwa pamoja kama ana safari. Mimi nilikuwa nimepima watoto wa Bondeni waliokuwa wanatokwa jasho.

Watu wakaanza kunong'ona. Kogo ndiye aliyenikaribia, akaivuta ile sweta kwa vidole viwili.

"Fundi, nani alikupimia huyu mtoto?"

Nikasema nilipima wa umri wake, Nakuru.

"Huyu si mtoto ya Nakuru," akasema. "Na hata kama ingeingia, bado umekosea. Sisi hapa sweta ni ya miaka tatu. Mwaka ya kwanza anaingia tu, mikono tunakunja. Mwaka ya pili anajaza. Mwaka ya tatu inamtosha kabisa, halafu mdogo wake anachukua. Wewe umeshona ya leo pekee." Akamshika mtoto kichwani. "Kwani unafikiri huyu hatakua?"

Hakuna aliyecheka. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena maishani. Yule kikongwe hakuwa ananitukana. Alikuwa ananiuliza kweli. Nilikuwa nimefuma sweta themanini bila hata nafasi ya kidole kwa ajili ya kesho ya mtoto.

Nilimwomba Madam Chelangat nafasi hadi shule zifunguliwe muhula wa pili. Akasema siku ya kufungua, watoto wakiingia bila sweta, asubuhi ileile atampigia fundi mwingine. Wiki tatu na siku kadhaa. Nikarudi na magunia yangu juu ya viazi.

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilienda kwa Mama Truphena, nikakaa sakafuni karibu na kiti chake, nikamwambia yote, nikamwambia pia kwamba nimeamua kuacha. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi akavua miwani ambayo haikuwa inamsaidia tena.

"Barasa," akasema, "mwezi ule wa kwanza ulifumua mara ngapi?"

Nikasema sikuhesabu.

"Basi themanini ni nini? Ulikata hata moja kwa mkasi?"

Hapo ndipo akili ilinirudia. Hakuna hata moja niliyokata. Kila kipande kilikuwa uzi mmoja tangu chini hadi juu. Ukifungua mshono na kuvuta pale penye fundo, sweta nzima inarudi kuwa uzi. Yule jirani wa ovaloki angekuwa na matambara themanini. Mimi nilikuwa na uzi.

Nikamwambia wiki tatu ni chache, labda tuombe Mungu atende muujiza. Akaacha kucheka. "Mungu hafumi," akasema. "Anabariki kilichofumwa. Nenda ukalale, kesho uje mapema."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya imani, mengine marefu kuliko safari ya Olenguruone. Lile la Mama Truphena ndilo pekee nililolifanyia kazi kesho yake asubuhi.

Sasa mnisikilize vizuri hapa, maana ni kazi. Uzi uliofumuliwa hujikunja kama nywele. Ukiufuma hivyohivyo, kitambaa kinatoka na makovu. Lazima uuzungushe kwenye mbao uwe mashada, uoshe kwa maji ya vuguvugu, uutundike na kitu kizito chini yake mpaka unyooke. Nimesema vuguvugu. Maji yakichemka, uzi huu wetu wa dukani unakufa, unalegea, na hakuna sala ya kuufufua. Akinyi aliua mashada mawili siku ya kwanza, na akitaka kukanusha aandike daftari lake.

Kuzungusha uzi wa sweta themanini ni kazi ya watu wengi. Rebeka alihamisha mazoezi ya kwaya kutoka kanisani hadi uani kwetu, saa nane mchana, kila siku. Wanawake kumi na wanne walikaa wawili wawili, mmoja akifumua, mwingine akizungusha, wakiimba. Nyimbo za haraka zilifanya uzi ukatike, kwa hivyo nilimwomba Rebeka achague tenzi za taratibu. Nilikuja kugundua kwamba sauti ya pili huzungusha vizuri kuliko ya kwanza, sijui kwa nini, na sikuthubutu kusema kwa sauti. Kamba za nguo za Bondeni nzima zilijaa uzi wa damu ya mzee, chini yake zimening'inia sufuria, mawe, hata pasi ya makaa. Wageni wa kata walidhani kuna sherehe. Kusema kweli ilikuwepo. Nilikuwa nimeogopa wiki nzima, na katikati ya kuogopa nikajikuta nacheka na watu wangu kutwa nzima.

Lakini sweta kubwa hula uzi zaidi. Niliuza baiskeli nikanunua koni nyingine za uzi, na dukani rangi ileile ilikuwa imetoka pipa lingine la kutia rangi. Weka pamoja, unaona tofauti. Hii mpya ilikuwa imeiva zaidi. Nililala kitandani mchana nikitazama dari. Nikifuma nusu ya watoto kwa huu na nusu kwa ule, shule itaonekana ya makabila mawili ya sweta.

Akinyi ndiye aliyesema tuutumie ule mpya mikononi na kiunoni tu, kwenye pindo za kubana, kwa sweta zote. Ikifanana kwa wote, itaonekana tumekusudia. Nami nikakumbuka maneno ya Kogo, mikono tunakunja. Tukafuma pindo la mkono refu mara tatu ya kawaida, la kukunjwa mara mbili. Mwaka wa kwanza imekunjwa mara mbili, mwaka wa pili mara moja, mwaka wa tatu imenyooka. Kila mtu hapa anaujua mkunjo huo. Wanunuzi huuliza nani aliubuni, nasi huwa tunajibu kwa unyenyekevu kwamba ni siri ya karakana. Basi siri ndiyo hiyo: kosa langu, uzi usiolingana, na kikongwe wa Olenguruone.

Tulifuma kwa zamu usiku na mchana, tukamaliza ya themanini siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Nilipanda tena na lori lile, nikafika siku ya kufungua. Safari hii nilikuwa nimevaa sweta, na dereva alipoiona alipiga honi mara moja, kwa heshima.

Kogo alikuwepo. Mjukuu wake aliingiza kichwa, akaingiza mikono, ikapita juu ya fulana na shati na sweta nyingine bila kubishana. Kogo akajaribu kuvuta pembeni, pakabaki nafasi ya ngumi. Akakunjua mkunjo wa kwanza, akakunjua wa pili, mkono ukapita vidole vya mtoto ukaning'inia. Akaukunja tena taratibu, mara mbili, akaupigapiga ukae.

"Sasa huyu anaweza kukua," akasema.

Nililia mbele ya wazazi na walimu, na sikujali. Madam Chelangat alinishika mkono akaniambia shule ya jirani inataka mia moja na kumi, lakini safari hii nije kupima mwenyewe. Nilikwenda. Tangu siku ile hakuna mtoto aliyevishwa na karakana hii bila mmoja wetu kusimama mbele yake na tepu, kwao, katika baridi yao.

Yaliyofuata mnayajua, maana mmeyakuta: Molo, Elburgon, Keringet, mashine ya pili, ya tano, ya tisa. Haikuja kwa mwaka mmoja wala mitano. Mama Truphena alifariki tukiwa na mashine tatu, na asubuhi ya mwisho aliyokuja aliomba apitishwe kila mashine aweke kiganja. "Bwana, tumefika," alisema kwa kila moja. Ndiyo maana hadi leo mnazigusa kabla ya kuanza, hata wewe Brayo unayedai unaangalia tu kama zina joto.

Mwezi uliopita nilipostaafu mliniaga. Mlileta chai, mandazi na kwaya, na mkanipa furushi. Ndani yake sweta ya damu ya mzee, mistari miwili ya njano shingoni. Nikaivaa palepale. Kifuani ningeweza kumbeba mjukuu. Mikono ilipita kucha zangu na kuendelea na safari. Nikageuka kama fundi aliyekasirika nikauliza nani alipima kazi hii, maana mtu wa miaka sitini na nane alishamaliza kukua.

Akinyi akanijia, akanishika mkono wa kulia akaukunja mara moja, akaukunja mara ya pili, akaupigapiga ukae.

"Mwaka ya kwanza unaingia tu, mzee," akasema.

Ninaandika haya nikiwa nimeivaa, nimekaa mlangoni kwangu nyumbani, kwenye kiti kilichokuwa cha Mama Truphena. Mikono bado imekunjwa mara mbili. Mwakani, nikijaliwa, nitakunjua mkunjo mmoja, halafu nitapita hapo karakanani mniangalie.